Kigoda Kimoja, Dada Wawili

Masasi, 14 Februari 1965

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Huku tunaamka wazima, tunalala tumechoka, ndiyo afya yetu. Justina meno ya mbele yamemtoka na sasa akisema "sisi" anapiga mluzi, nami nacheka mpaka ananinunia. Mdogo wangu Cecilia anakuamkia. Alishuka juma lililopita kwenye lori la Bwanali, akanipokea kigoda cha kubangulia korosho, nami nikaanza kupumzisha mikono. Mwambie Mama kwamba ming'oko aliyotuletea tumeimaliza siku ileile. Majirani wametucheka kwamba watu wa Newala hata tukija mjini tunaota mizizi ya porini, lakini walipopewa walikula kimya kimya.

Sasa lililonishikisha kalamu. Bwana mmoja wa chama cha wafanyakazi alifika hapa bandani na kutusomea sheria mpya. Mjomba, ungekuwepo! Anasema tajiri hawezi tena kumfukuza mtu kwa kunyoosha kidole. Lazima kosa lisemwe, lipite mbele ya kamati ya wafanyakazi wenyewe, na mtu asikilizwe. Mtu akiumia kazini, hilo nalo ni deni la mwenye kazi, si bahati mbaya ya mwenye mkono. Haya yote ni ya mfanyakazi ambaye kazi yake haijakatika. Hapo alieleza kwa kirefu na sikumshika vizuri, lakini sisi wabanguaji hatuna wasiwasi. Kigoda chetu hakijakaa kitupu hata siku moja tangu ulipotuleta.

Tukachagua kamati palepale. Wamenichagua mimi! Nyapara Rajabu alisimama pembeni ametuna kama aliyemeza korosho na ganda lake. Jambo la kwanza tulilolidai ni mfuniko wa kikaango. Umepasuka, na mafuta ya maganda yakipata moto yanaruka hovyo. Tajiri ameahidi kuutengeneza.

Barua zako zipelekwe hapahapa bandani kwa jina langu, Bwanali anapajua.

Mpwa wako,
Bernadeta Selestini


Kitangari, 11 Machi 1965

Mama Justina,

Marahaba. Mwambie mjukuu wangu asione haya, hata mimi yamebaki machache na bado napiga domo. Mama yenu hajambo, miguu tu inamsumbua akitoka bombani. Msururu wa maji siku hizi hauna mwisho, kwani ndugu zetu wa ng'ambo ya Ruvuma wanazidi kumiminika. Vita vimewakuta mashambani. Kwangu mimi wamefikia Esha na dada yake, wana watoto wadogo, wanalala jikoni kwa mke wangu. Nasema ni ndugu kwa sababu mama zao na mama zetu ni ukoo mmoja, mto ndio uliotutenga. Mihogo tuliyoipanda kwa ajili yetu sasa ni ya wote, nayo haijui kuongezeka kwa kuhurumiwa.

Kwa hiyo umekuwa mkubwa wa kamati. Je, siku nikija Masasi nipige hodi au niandike ombi?

Sikatai sheria, mwanangu. Nakwambia nilichokiona. Nilipokuwa manamba kwenye mkonge wa Lindi, ilikuja amri kwamba nyapara asimpige mtu. Tukashangilia, tukacheza ngoma. Kesho yake nyapara akaweka fimbo chini, akaanza kusema kila jioni, "Kazi yako mbovu, siku hii haihesabiwi." Tukafanya kazi siku zisizohesabiwa mpaka wengine wakaililia ile fimbo. Sheria ni msumeno, hukata huku na huku, na mpini mara zote nimeuona uko kwa mmoja.

Ninyi shikeni lile nililowapa siku ile nilipowaleta. Kazi ni shamba la ukoo, akichoka dada analima mdogo. Hiyo ndiyo sheria iliyowalisha. Na nasikia bandani wote wameiiga, kila kigoda kina jina moja na ndugu wawili, na tajiri anafurahi kwa kuwa nyundo hazinyamazi. Hiyo haikuandikwa na mtu yeyote wala haihitaji kamati.

Mjomba wako,
Kasiani


Masasi, 3 Mei 1965

Mjomba,

Shikamoo. Usikasirike kwa kimya changu, kazi zilinizidi. Mvua imekata, barabara inapitika, ila malori ya jeshi yanakwenda mpakani kila siku na sisi raia tunakaa kando kula vumbi. Justina ameota jino moja. Wape pole Esha na dada yake. Nimewafungia kanga moja, si mpya sana.

Cecilia amepata moto kidogo. Usimwambie Mama. Rajabu alimtoa kwenye kigoda akamweka kwenye kikaango, maana mkaangaji hakuja, na ule mfuniko tulioahidiwa bado ulikuwa uleule. Mafuta yakaruka. Yuko hospitali ya misheni, masista wanamtunza vizuri, anakula uji na amenituma nikusalimu. Mikono itapona, wanasema.

Nami nimerudi kigodani kumalizia zamu yake. Kamati imepeleka madai. Tajiri alijua mfuniko ni mbovu, tulimwambia mbele ya watu, naye akakubali mbele ya watu. Safari hii hana pa kutokea. Akilipa kwa Cecilia atalipa kwa kila atakayeumia baada yake, na huo mfuniko atautengeneza mbio. Wanawake wote wako nyuma yangu. Hata wale waliokuwa wakiniita Bibi Sheria sasa wananiuliza, "Baraza lini?"

Kuna jambo moja dogo la majina, lakini nitalieleza nikiulizwa. Kila mtu analijua.

Mpwa wako,
Bernadeta


Kitangari, 29 Mei 1965

Bernadeta,

Sisi wazima. Mama yako si mzima, na sababu unaijua.

Uliniandikia "moto kidogo". Bwanali alipita hospitali, akamwona Cecilia kwa macho yake mawili, naye Cecilia akamwona Bwanali kwa moja. Jicho la kulia limekwisha. Ulitaka nilijue lini? Nimwone bombani anapapasa ndoo ndipo niulize? Mama yako mpaka leo ukimpa chakula anauliza kama Cecilia amekula.

Nimelia, sitaki kukuficha. Sasa nisikilize.

Usiende kwenye hilo baraza. Unasema kuna jambo dogo la majina. Hilo si dogo, hilo ndilo lenyewe. Jina lililoandikwa ni lako, na wewe una macho yako yote. Watakuuliza, nani basi aliyeumia? Ukimtaja Cecilia, watasema Cecilia hatumjui, hakuajiriwa. Kisha watakugeukia wewe. Kumbe nusu ya kazi yako ilifanywa na mwingine? Basi kazi yako ilikatika. Kisha watamgeukia wa kigoda cha pili, na wa tatu. Hakuna atakayebaki. Mimi sikusoma kama wewe, lakini mkonge ulinifundisha namna tajiri anavyosoma.

Wala usifikirie kumpeleka Cecilia ajiite Bernadeta. Alibatizwa misheni kwao, masista wale wanamjua tangu anatambaa.

Mlete nyumbani. Funga mdomo, shika nyundo, wenzako waendelee kula. Jicho halitarudi kwa baraza. Baba yenu Selestini ana hiari yake, lakini atakayeulizwa na ukoo ni mimi mjomba wenu, na neno langu ndilo hilo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Kasiani


Masasi, 27 Juni 1965

Mjomba,

Shikamoo. Justina hajambo. Cecilia yuko njiani kwenu na Bwanali huyuhuyu anayekuletea barua. Mpokeeni upande wa kushoto, ukimjia kulia anashtuka.

Barua yako ya Mei nimeipata jana. Malori yalizuiwa njiani kupisha jeshi. Baraza lilikwisha siku nyingi. Lakini nisikudanganye kwamba ni kosa la barabara. Hata ingewahi nisingeitii.

Tulikaa bandani, tajiri na karani wake upande mmoja, kamati upande wa pili, wanawake wamesimama nyuma. Karani akauliza, "Anayedai ni nani?"

Nikasema, "Ni kigoda cha Bernadeta Selestini."

"Bernadeta Selestini ni nani?"

"Ni mimi."

"Umeumia wapi?"

Mjomba, nilimtazama Rajabu. Ndiye aliyekuwa akitupokea langoni miaka yote, akisema, "Leo zamu ya mkubwa au ya mdogo?" Ndiye aliyemtoa Cecilia kwenye kigoda kwa mkono wake. Akainamisha kichwa, akawa anakwangua matope kwenye kiatu. Ningeweza kunyamaza hapo. Nilimkumbuka Cecilia alivyokuwa amelala, anauliza kama nimemwekea majivu yake ya kupaka mikono ili mafuta ya ganda yasiiunguze, maana zamu yake haikuwa imekwisha. Nikasema, "Aliyeumia ni mdogo wangu Cecilia. Tumekaa kigoda kimoja, yeye mwezi wake na mimi mwezi wangu. Tajiri anajua, nyapara anajua, hata mawe ya kubangulia yanajua."

Tajiri hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alitikisa kichwa kwa huzuni kama mtu aliyeibiwa na jamaa yake. Karani akafungua sheria ileile tuliyoipigia vigelegele, akaisoma polepole. Cecilia si mfanyakazi wa hapa. Bernadeta kazi yake imekatika kila mwezi, kwa hiyo ni kibarua wa siku, hana haki ya kuwa kwenye kamati wala ya kusikilizwa. Kisha akasema, "Wengine wanaopokezana na ndugu zao wanyooshe mikono." Na wale wajinga wangu, wapenzi wangu, walidhani wananisaidia. Walinyoosha wote, Mjomba. Ikawa mikono myeusi mitupu, hakuna uliobaki chini.

Tulitolewa nje asubuhi ileile. Hakuna aliyenyooshewa kidole wala aliyetukanwa. Kila kitu kwa mujibu wa sheria.

Sema sasa kwamba ulinionya. Haya, umesema. Lakini sheria haikuwa mbaya! Iliandikwa na mtu anayedhani kazi ni ya mtu mmoja, nasi tulifundishwa kuwa ni shamba la ukoo. Angekuja mtu kutuuliza tunavyokaa kabla ya kuandika, angeongeza mstari mmoja, na mdogo wangu angekuwa na haki yake. Nimeyaandika hayo kwa Afisa wa Kazi huko Mtwara, na nimemwambia kwamba tumefukuzwa banda zima. Namsubiri.

Swali moja. Juzi wameshuka wanawake wapya na kuingia bandani, lafudhi yao ni ya ng'ambo. Wameshuka kwenye lori la Bwanali. Bwanali hapakii mtu wa Kitangari bila neno lako. Ni wewe?

Bernadeta


Kitangari, 20 Julai 1965

Mama Justina,

Salamu zetu zikufikie wewe na mjukuu. Baridi ya mwaka huu ni kali, wazee tunaota moto mpaka magoti yanababuka. Mikorosho ya juu kule imeanza kuchanua vizuri, Mungu akipenda mabibo yatakuwa mengi, na wapishi wa pombe ya uraka wameanza kuosha mitungi mapema kuliko wanavyoosha watoto. Mke wangu anakusalimu. Mama yako amepata nguvu tangu Cecilia alipofika. Wanakwenda bombani pamoja, mama upande wa kulia, binti upande wa kushoto, ndoo moja moja. Cecilia hasemi sana. Jioni anakaa mlangoni anasugua viganja, akidhani weusi ule utatoka. Nimemwambia ni wa korosho, hautoki, akaniambia anajua.

Mwalimu wa hapa amehamishwa, tumeletewa mwingine kutoka Singida, anaogopa nge.

Swali lako nimelisoma.

Kanga uliyompa Esha aliipenda. Watoto wake wawili walikuwa wamevimba miguu kwa njaa mwezi ule wa Juni, mmoja tukamzika. Nyumba yangu ilikuwa na matumbo mengi kuliko mihogo. Mama yako hakukuandikia kwa sababu hakutaka kukuongezea.

Hiyo barua uliyopeleka Mtwara, iache. Mpunga ukishamwagika, kuku ndio wanaofurahi. Rudi nyumbani ulime. Shamba la mama yako lipo, na hilo hakuna karani wa kulisoma.

Mjomba wako,
Kasiani


Masasi, 12 Septemba 1965

Mjomba,

Shikamoo. Nimesikitika sana kwa mtoto wa Esha. Nimemwombea. Niliposoma nilikaa kitako na hasira yangu yote ikakosa pa kusimama, na hilo nalo nimekukasirikia. Justina anaanza shule Januari. Mimi nafua nguo kwa mwalimu mmoja wa hapa, mtu wa Bukoba, watu wema, wananipa na chakula. Sabuni inauma kwenye michubuko ya zamani lakini si kama mafuta ya ganda.

Afisa alikuja. Ni kijana mwungwana, kasafiri siku mbili katika vumbi, na barua yangu alikuwa nayo mfukoni. Sikujua siku atakayofika. Niliambiwa wakati yuko ndani tayari. Nilikimbia na mapovu mikononi, nikakuta lango limefungwa, nikashika vyuma vyake nikachungulia.

Alikuwa amesimama katikati ya banda anaita majina yetu. Alitaka kujua waliofukuzwa ni nani na waliobaki ni nani. Akaita jina la kwanza, ikajibiwa, "Nipo." La pili, "Nipo." Mjomba, yalikuwa majina yetu sisi, na yakawa yanaitika yote, kigoda kwa kigoda. Tajiri hakuandikisha mtu mpya hata mmoja. Amewakalisha wale wa ng'ambo juu ya majina tuliyoyaacha, hivyo hakuna aliyefukuzwa, na wao wenyewe hawapo. Wakivunjika, wakiungua, hakuna wa kuwadai. Ule mfuniko nimeuona, umefungwa kwa waya.

Kisha akaita, "Bernadeta Selestini."

Nikasikia sauti ya mwanamke, nyembamba, "Nipo."

Nilipiga kelele! Nilitikisa lango nikasema, "Bernadeta ni mimi! Bernadeta yuko huku nje!" Yule kijana akageuka. Alinitazama vizuri, Mjomba, alitaka kunisikia, naona mpaka sasa alivyoshusha kalamu. Akamwuliza Rajabu, "Na huyu ni nani?"

Rajabu akacheka kidogo, kwa upole. Akasema, "Huyo ni dada yake, bwana. Watu wa Newala hawa. Wanapokezana."

Wanawake hawakuinua macho. Kijana akasubiri, akatazama wale, akanitazama mimi, akaandika. Alipotoka lori lake lilipita karibu nami, akanipungia mkono kwa heshima.

Esha alinifuata jioni walipoachiwa. Alikuwa amejifunga ile kanga yangu. Alilia mpaka nikamshika. Akasema, "Dada, mjomba wako alituambia, mkifika huko itikieni jina lolote mtakaloitwa, mradi watoto wale. Akasema kazi ni shamba la ukoo, na sisi ni ukoo mmoja." Amepata mimba tena, na akichoka dada yake atampokea. Mikono yake haina majivu, hakuna aliyemwonyesha. Nikamwonyesha. Ningefanya nini? Nilikaa chini barabarani nikampaka kidole kimoja kimoja, mpaka kwenye kiwiko, huku nikimwambia akae mbali na kikaango, na kwamba aseme jina lake, jina lake mwenyewe, hata kwa nyapara, hata kwa kunong'ona. Akaniambia anaogopa. Nami naogopa, Mjomba. Lakini Jumapili nitamngoja tena, na dada yake, na yeyote atakayetaka kuja.

Sikulaumu kwa kuwapa chakula. Nakulaumu kwa sababu uliujua ule mtego kuliko mtu yeyote. Ulinichorea mimi kila kamba yake, ukawapeleka wao humohumo bila kuwaambia neno.

Mwambie Mama asilime upande wangu wa shamba mwaka huu, siji. Mbusu Cecilia, upande wa kushoto.

Na ukipenda kunijibu, barua mpe mwalimu wa Bukoba. Usiipeleke tena bandani kwa jina la Bernadeta Selestini. Yuko huko, anafanya kazi kila siku bila kukatika, na ataipokea.

Ni mimi,
dada yake Cecilia